Pawabenki niweke begi gani, na simu lazima niizime?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mwezi ujao naenda Dubai kufata mzigo, napanda Emirates na ndo mara yangu ya kwanza kupanda ndege. Shoga yangu anasema nisipozima simu ndege inaweza kuanguka, mume wangu anasema huo uongo, yeye hazimagi. Halafu nina pawabenki ya 30,000, nataka niitupie kwenye begi kubwa isinisumbue. Niko sawa? Msomaji wa Mbagala.

JIBU: Dada hongera kwa safari, ila hiyo pawabenki kwenye begi kubwa hapana, nakuomba sana. Betri za lithiamu zikiharibika zinajichemsha zenyewe mpaka zinawaka, sasa ikiwaka kule chini kwenye mizigo nani ataiona? Ikiwa kwenye begi la mkononi, juu na abiria, wahudumu wanaiwahi na maji. Ila hata huko juu usiifiche kabatini: tarehe 28 Januari 2025 kwenye ndege moja huko Busan, Korea Kusini, moto ulianzia kwenye kabati la juu la mabegi, bahati ndege ilikuwa bado chini, watu wote 176 wakatoka hai lakini paa la ndege liliungua vibaya, na wachunguzi wakasema huenda chanzo ni pawabenki.

Igeuze yako nyuma, kuna maandishi madogo kama punje za ulezi, tafuta palipoandikwa Wh, yaani kipimo cha umeme unaobebwa na betri. Ya 30,000 kwa kawaida inakuja kama 111, na Emirates tangu 1 Oktoba 2025 wanataka moja tu isiyofika 100, tena huruhusiwi kuitumia wala kuichaji humo ndani, unaiweka mfuko wa kiti cha mbele au chini ya kiti. Kwa hiyo hiyo iache nyumbani, beba ya 20,000, yenyewe ni kama 74.

Sasa simu. Shoga yako katia chumvi, ila shemeji naye asijisifu. Zile simu za zamani ukiziweka jirani na redio, kabla haijaita redio inaanza trrt trrt, unakumbuka? Rubani anaweza kuusikia mlio wa hivyo kwenye hedifoni wakati anapokea maelekezo ya kutua, na mimi nisingependa akose hata neno moja. Isitoshe simu ikiwa juu inaona minara mingi kwa mpigo, inaisumbua mitandao ya chini, ndo maana Marekani walipiga marufuku tangu 1991. Huna haja ya kuizima, weka flaiti modi (simu ya Kiswahili imeandika hali ya ndegeni) basi, picha piga, muziki sikiliza.

Na hili wengi hawaambiwi: simu ikidumbukia kwenye kiti usikisogeze kiti wala kukilaza uitafute, vyuma vya chini vitaiponda betri iwake. Kaa ulivyo, bonyeza kitufe cha kumwita mhudumu, aje aitoe yeye.