Mimba ya wiki 33, ndoa ya wiki 31

SWALI: Assalamu alaykum. Mke wangu amejifungua mtoto njiti wiki 31 baada ya ndoa. Kadi ya kliniki imeandikwa mimba ya wiki 33, na ndugu zangu wanasema mimba ilitangulia ndoa. Dini inasemaje, na hospitali je? — Msomaji, Tanga

JIBU: Wa alaykum salaam. Kisheria mtoto ni wako, na kadi haimshtaki mkeo kwa lolote. Kliniki huhesabu mimba tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa kuwa ndiyo tarehe ambayo mama anaweza kuitaja. Yai hupevuka kama siku 14 baadaye kwa mwenye mzunguko wa siku 28, hivyo wiki mbili za mwanzo kwenye kadi mimba haipo bado. Ukiziondoa, 33 zinabaki 31. Mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake hupevuka karibu na siku ya 21, naye kadi yake huweza kuzidi kwa wiki tatu. Ultrasaundi ya kabla ya wiki 14 hupishana kwa siku 5 hadi 7. Ya miezi ya mwisho huweza kupotoka hata wiki tatu, kwa hiyo msiitegemee kumhukumu mtu.

Sheria ya Kiislamu nayo ina kipimo chake. Katika Qur'ani, sura ya Al-Ahqaf aya ya 15 inataja kubeba mimba na kuachisha ziwa kuwa miezi 30. Al-Baqara aya ya 233 inataja kunyonyesha miaka miwili kamili, yaani miezi 24. Inabaki 6, na hicho ndicho kima cha chini cha mimba. Hoja hii ilimwokoa mwanamke aliyejifungua kwa miezi sita akakaribia kuadhibiwa. Mapokezi mengine yanamtaja sahaba Ali, mengine sahaba Ibn Abbas, kuwa ndiye aliyeitoa.

Miezi hiyo ni ya mwandamo, kama siku 177, na huhesabiwa tangu ilipowezekana wanandoa kukutana. Wiki 31 ni siku 217. Mmeuvuka mpaka kwa siku 40. Kwa hesabu ya kliniki, siku 177 ni kama wiki 27: mtoto wa umri huo huwa na takriban kilo moja, mapafu hayajakomaa, lakini akipata oksijeni, joto na maziwa ya mama huweza kuishi.

Ndugu zako wasome An-Nur aya ya 4. Anayemsingizia mwanamke aliyejihifadhi bila mashahidi wanne ana adhabu ya mijeledi 80, wala ushahidi wake haukubaliwi tena.

SWALI: Vitabu vya fiqhi ya Kishafii vinasema mimba huweza kufika miaka minne. Inawezekana?

JIBU: Hapana. Hakuna aya inayosema hivyo. Wanazuoni hao walitegemea habari za wanawake, na Wahanafi, madhehebu mengine ya fiqhi, walisema miwili kwa kauli iliyopokewa kwa Bi Aisha. Baada ya wiki 42 kondo la nyuma huchoka, na mtoto huwa hatarini kufia tumboni. Hedhi inaweza kukatika kwa kunyonyesha au ugonjwa wa tezi, mwanamke akadhani ana mimba, kisha akashika mimba ya kweli baadaye. Misri, kwa sheria namba 25 ya mwaka 1929, iliweka ukomo wa siku 365 katika kesi za nasaba.