Mama mwenye kisukari aanze vidonge vya Akkermansia?

SWALI: Shikamoo mfamasia. Mama yangu ana miaka 61, ana kisukari aina ya pili na anatumia metformini. Ana pia ugonjwa wa viungo, anameza prednisolone kila siku. Kaka aliyeko Marekani ametuma probiotiki (vidonge vya bakteria wanaodhaniwa kuufaa mwili) ya Akkermansia muciniphila. Chupa imeandikwa bakteria hai milioni 100 kwa kidonge. Anasema utafiti umethibitisha inashusha sukari. Mama ameshaanza kuuliza kama ataacha metformini. Mimi ni muuguzi, nieleze kwa kina. – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Metformini asiiache, hilo tulimalize kwanza.

Bakteria huyu, Akkermansia, alitangazwa mwaka 2004 na watafiti wa Wageningen, Uholanzi. Anaishi kwenye utumbo mkubwa na chakula chake ni ute unaofunika ukuta wa utumbo. Watu wanene na wenye kisukari mara nyingi wamekutwa naye kwa uchache, ndipo tamaa ya kumtia kwenye kidonge ilipoanzia. Lakini kupungukiwa naye si ushahidi kwamba ukimmeza utapona.

Utafiti ambao nadhani kaka yako ameusikia ulitoka Ubelgiji mwaka 2019. Waliomaliza walikuwa watu 32, wanene, insulini yao haifanyi kazi vizuri, na hawakuwa kwenye dawa za kushusha sukari. Walimeza bakteria bilioni 10 kila siku kwa miezi mitatu. Walioonyesha nafuu ya wazi katika utendaji wa insulini ni wale waliopewa bakteria waliokwisha kuuawa kwa joto la nyuzi 70! Waliopewa walio hai hawakupata nafuu ya kiwango hicho. Sasa rudi kwenye chupa yenu: bakteria hai, tena milioni 100, yaani sehemu moja ya mia ya dozi ile. Jina la bakteria ni lile lile, lakini kilichopimwa Ubelgiji sicho kilichomo humo.

Upo utafiti mwingine, wa Marekani, 2020, unaomkaribia mama zaidi kwa kuwa washiriki walikuwa na kisukari na wengi walikuwa kwenye metformini. Walikuwa 76, kwa wiki 12, na sukari ya miezi mitatu (HbA1c) ilishuka kwa takriban 0.6 ukilinganisha na waliopewa vidonge vitupu. Si haba. Ila mchanganyiko ule ulikuwa na bakteria wa aina tano, Akkermansia mmojawapo tu, na aliyegharamia ni kampuni inayouza bidhaa yenyewe. Mimi ningesubiri wengine wasio na duka waurudie.

Upande wa usalama, mamlaka ya chakula ya Ulaya mwaka 2021 ilikubali aina iliyouawa kwa joto, kwa watu wazima wasio wajawazito wala wanaonyonyesha. Kibali hicho hakiwahusu walio hai. Na hapa ndipo prednisolone inaponisumbua, maana inapunguza kinga. Bakteria hai wa probiotiki nyingine wamewahi kuingia kwenye damu ya wagonjwa dhaifu. Huko Uholanzi, utafiti uliochapishwa 2008 kwa wagonjwa wenye uvimbe mkali wa kongosho ulikuta vifo 24 kwa waliopewa probiotiki dhidi ya 9 kwa wasiopewa. Mama hayuko mahututi, kwa hiyo simtishi kwa takwimu hizo. Nazitaja kwa sababu kabla ya hapo wengi waliamini probiotiki haziwezi kumdhuru mtu.

Halafu prednisolone yenyewe inapandisha sukari, hasa mchana na jioni. Ukimpima asubuhi tu kabla hajala, unaweza usiione. Mpime saa mbili baada ya chakula cha mchana kwa wiki moja, uandike, kisha mwende kliniki na daftari hilo pamoja na chupa. Muulizeni daktari kama dozi ya prednisolone inaweza kupunguzwa taratibu. Asiikatishe ghafla, ni hatari, wewe muuguzi unajua kinachofuata.

Jambo moja la kumchekesha mama: uchunguzi wa Colombia wa 2017 uliwakuta wenye kisukari wanaotumia metformini wakiwa na Akkermansia wengi kuliko wasio na kisukari. Huenda dawa yake ya bei poa inawalisha tayari.

Chupa iacheni imefungwa mpaka daktari aione.