Uwanja wa Mbele: Maji Kwanza, Maua Baadae

Masika yanakaribia na barua zimekuja nyingi, karibu zote zataka kitu kimoja, uwanja wa mbele upendeze na kazi uifanye mwenyewe bila ya kuita fundi. Nimechagua nne. Ile ya mwanzo ntaijibu kwa kirefu mana naona wengi wenu mmo ndani yake.

SWALI: Assalaam alaykum Ami. Mie na mume wangu tumejenga nyumba ndogo Fuoni, hapa Unguja, vyumba viwili na ukumbi. Mbele tuna uwanja, mita 8 kwa upana na mita 6 kutoka barazani mpaka njiani, udongo mtupu. Mvua ikinyesha maji ya bati yanachimba chini ya baraza halafu yanasimama mpaka siku ya pili, watoto wanaingia na matope mpaka kitandani. Tuna laki nne tu. Jirani anatwambia tumwage zege uwanja mzima yaishe, shemegi yangu anasema tununue pevingi, yale matofali ya kupanga chini, mie roho yangu yataka maua. Tuanze wapi?
— Mama wa watoto watatu, Fuoni

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu, na hongereni kwa nyumba. Naanza na zege kwa sababu najua jirani yako kakwambia kwa wema. Mimi nshaishi nyumba ambayo mbele yote tuliimwaga zege, tukakata na mkomamanga uliokuwa pembeni ili zege lipite sawa, na mpaka leo mkomamanga ule unaniuma. Jua la kaskazi likipiga pale kuanzia asubuhi, joto linaingia dirishani na halitoki mpaka usiku wa manane, na mvua ikija hakuna hata tone linaloingia ardhini, yote yanakwenda kwa mtu wa chini yako na yeye ana watoto kama wewe. Kwa hivo zege hapana. Pevingi si mbaya, lakini pevingi juu ya ardhi isiyotengenezwa mwaka mmoja tu ishabonyea na maji yanasimama pale pale, ila sasa yamesimama juu ya pesa yako.

Anza na maji. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha kaa barazani na utizame, usifanye kitu chengine. Tizama maji yanaanguka wapi, yanakimbilia wapi, yanasimama wapi, na ikikatika toka na vijiti uweke alama. Nusu saa hiyo itakufaa kuliko fundi yoyote, mana fundi anakuja jua linawaka.

Halafu fanya hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1 ya maji. Tuseme upande wa bati unaoteremkia mbele ni mita 30 za mraba, ikinyesha milimita 20, na masika hizo ni za kawaida kabisa, basi ni lita 600 zinamwagika mbele ya baraza lako kwa mvua moja. Ndo mana panachimbika. Kwa hivo pesa ya mwanzo iende kwenye gata, ule mfereji wa kupokea maji ya bati, upande huo wa mbele tu, pamoja na mapipa mawili ya lita 200. Maji hayo utamwagilia, utafulia, na siku bomba likikauka, mana sote twajua bomba zetu, utajishukuru. Lakini pipa lifunikwe kwa kipande cha chandarua na ukifunge kwa mpira, usiwache hata siku moja. Mbu hataki ziwa, kifuu cha nazi chenye maji kinamtosha, na kopo, na sahani ya chini ya chungu cha maua. Kila wiki zunguka umwage vyote.

Mapipa yakijaa yatafurika, na hayo yanayofurika ndo unayachimbia shimo. Urefu mita moja, upana mita moja, kina mita moja, na liwe mbali na msingi mita 3 au zaidi, mbali na karo la choo pia. Lijaze mawe makubwa chini, madogo juu, kokoto mwisho. Mawe yanakula nafasi, kwa hivo maji yanayoingia kwa mara moja ni kama lita 400 hivi, mengine yanakuwa yanazama. Ila kabla hujachosha mikono yako pima kwanza udongo. Chukua udongo wenye unyevu uusokote kiganjani, ukitoka kama mnyoo mrefu mwembamba bila ya kukatika huo ni kinamo, yaani udongo wa mfinyanzi, ukivunjika vunjika ni kichanga. Halafu chimba kishimo cha sentimita 30, kijaze maji, yakizama kijaze tena. Maji ya pili yakiwa bado yapo kesho yake ujue pale pana kinamo kizito na shimo litakuwa ndoo tu, hapo badala ya shimo chimba mfereji mpana wa kina kifupi uyapeleke maji taratibu kwenye miti yako.

Sasa mteremko. Kila mita moja unayotoka ukutani ardhi ishuke sentimita 2, kwa mita zako 6 ni sentimita 12 kutoka barazani mpaka njiani. Huhitaji mashine, chukua mpira mwembamba unaoonekana ndani, utie maji, mtu mmoja asimame barazani na mwengine njiani, maji yatasimama usawa mmoja kote na hapo unapima kwenda chini kwa rula. Udongo unaoupunguza mwisho wa uwanja usiulundike ukutani ukafika usawa wa sakafu, uwache sentimita 15 za ukuta zionekane, vyenginevyo ukuta unanyonya maji na mchwa wanapata njia ambayo huioni. Kazi hii ifanye udongo ukiwa na unyevu kidogo tu. Kinamo kibichi ukikikanyaga kanyaga kinakuwa kama tofali.

Njia ya kupita ndo dawa ya matope kitandani. Uwanja mzima hauhitaji kufunikwa, watu wanapita pale pale kila siku, nyayo zishakuonesha. Pima upana mita 1.2 ili watu wawili wapishane na mkoba wa sokoni, urefu mita 6, ondoa udongo wa juu sentimita 10, shindilia kifusi, kisha kokoto sentimita 5. Hizo kokoto ni kama toroli sita, basi. Pembeni panga mawe yaliyozikwa nusu ili kokoto zisikimbie. Ukipata pesa mwakani, juu ya kifusi hicho hicho utalaza mchanga na pevingi za sentimita 6 na shemegi yako atafurahi. Na mchanga ununue kwa njia ya halali, usikubali mtu akuletee wa pwani usiku kwa bei rahisi, ni kosa kisheria, fukwe zetu zinaliwa, na chumvi yake itaua mizizi ya kila utakachopanda.

Na roho yako inayotaka maua, mwanangu, iko sawa, nayo haihitaji pesa nyingi. Maua yetu yanatoka kwa jirani. Omba vipande vya asumini vya sentimita 15, viweke kivulini kwenye kopo lenye udongo na mchanga, na ukiona vimechipua panda viwili karibu na dirisha la chumbani ila si chini ya mchirizi wa bati. Mrehani uje mbele, mana watoto wakipita wakaugusa nyumba nzima inanukia. Pembeni mwa lile shimo weka mchaichai, unapenda maji yanayopita na chai yako ipo. Upande wa njiani usijenge ukuta, panda mhina, mche mmoja kila sentimita 30, unavumilia jua na ukiukata kata unashikana ukawa ua wa kijani, na mwakani siku ya harusi majani ya hina unachuma mlangoni kwako. Vyote vipandwe mwanzo wa masika mvua ivimwagilie, si masika yakishakwisha jua linapoanza.

SWALI: Ami, kwetu Jambiani ni maweni, ukipiga jembe linarudi na cheche. Nilileta gari mbili za ng'ombe za udongo mwekundu nikamwaga mbele ya nyumba, masika moja tu umezama wote haujulikani ulikokwenda. Na mdimu wangu majani yake yanageuka manjano ingawa namwagilia na natia jivu. Niwache tu?
— Kijana wa Jambiani

JIBU: Usiwache. Udongo wako haukupotea, jiwe letu la matumbawe lina matundu kila mahali na mvua imeusukuma ndani. Kwa hivo udongo usiumwage kama unamwaga kifusi, utengenezee chombo. Mawe unayo bure, yapange duara au mstatili bila ya saruji, kimo sentimita 40, na chini kabisa laza makumbi ya nazi yamebanana, upande wa ndani juu, tabaka mbili. Makumbi yanaziba matundu na yananyonya maji kama sponji halafu yanayatoa pole pole. Juu yake changanya udongo, samadi ya ng'ombe iliyokaa mpaka ikapoa, na majani makavu. Kisha funika kwa majani au makuti ya zamani, usiwache udongo unatizama jua.

Mwani unaotupwa na bahari pia ni mbolea nzuri na kwenu umejaa, lakini uwache unyeshewe msimu mzima au uoshe kwa maji yasiyo na chumvi mara tatu, chumvi itoke.

Mdimu sasa. Tizama majani machanga ya juu, kama ni manjano na mishipa yake imebaki kijani, basi mti umekosa madini ya chuma. Hayakosekani ardhini, ila jiwe lile ndo hilo hilo tunalochomea chokaa, na kwenye chokaa chuma kinashikwa, mizizi haikipati. Sasa jivu nalo linafanya kazi ile ile ya chokaa, kila ukitia unamzidishia mgonjwa maradhi. Acha jivu leo. Tia mboji nyingi mduara wa matawi, isiguse shina, na kwenye duka la pembejeo uliza mbolea ya maji yenye chuma unyunyize kwenye majani jioni. Huo mdimu uliopo utunze, lakini uwanja uliobaki usishindane na jiwe. Panda vinavyolijua: mkadi upande wa bahari, shubiri, mstafeli, mkomamanga, mwarobaini mmoja wa kivuli uwe mbali na nyumba. Bogenvilia pia inavumilia upepo wa chumvi na kiu, na ukiimwagilia sana ndo haitoi rangi.

SWALI: Nyumba yetu Mkoani iko juu ya kilima, mbele panateremka mpaka barabarani. Kila masika udongo mwekundu unashuka na ngazi za udongo alizochimba baba hazionekani tena. Twaweza kufanya nini bila ya ukuta wa saruji?
— Msomaji wa Mkoani, Pemba

JIBU: Pemba ni vilima, na wakulima wenu wanajua kuyakinga maji kuliko mimi, ni kuyaleta tu yale ya shambani mlangoni. Chora mistari inayokata mlima, si inayoshuka nao, kwa mpira ule ule wa maji niliomwambia mama wa Fuoni, mstari wote uwe usawa mmoja. Kila mstari panda mchaichai au vetiva, ile nyasi ya kushika udongo, kwa kubanana, shina kwa shina kama sentimita 15. Udongo unaoshuka utajikusanya nyuma ya majani na baada ya misimu michache utaona ngazi zimejitengeneza zenyewe. Ngazi za kupitia zijengwe kwa mawe mapana, kila jiwe lilalie kidogo lile la chini yake, kimo cha sentimita 15 ili bibi apande bila ya kuomba mkono. Na njia isishuke moja kwa moja, ipindishe, mana njia iliyonyooka mlimani masika ni mto. Mpaka majani yashike, funika ardhi kwa makuti.

SWALI: Ami shikamoo. Asumini yangu ina miaka minne, imejaa majani mazuri ya kijani, lakini maua ni ya kuhesabu, hata kikuba kimoja cha kuvaa hakitimii. Nimeipanda chini ya mwembe naitia samadi kila mwezi. Kosa langu nini?
— Binti wa Bububu

JIBU: Marahaba mwanangu. Unaipenda sana, na samadi ya kila mwezi inaipa majani. Itie mara moja mwanzo wa masika na mara moja vuli, inatosha. Kubwa zaidi ni kivuli, asumini inataka jua kwa muda wa masaa sita kila siku na chini ya mwembe hailipati. Usiing'oe ya miaka minne, utaihuzunisha. Laza tawi moja refu ardhini, ulikwaruze kidogo upande wa chini, lifukie katikati na uweke jiwe juu, ncha ibaki nje. Miezi miwili au mitatu likishika mizizi likate ulihamishie upande wa jua. Ile kubwa ikimaliza vimaua vyake ikate theluthi moja, mana maua yanatoka kwenye vichipukizi vipya. Na uchume alasiri vikiwa bado vitumba vyeupe vimefumba, vitafumbuka usiku vikiwa tayari nywelani kwako.