Jibu: Pa kuhifadhi makala baada ya Pocket kufungwa

Salaam mkuu. Umeuliza uhamie wapi baada ya Pocket, programu ya kuhifadhi makala za mtandaoni uzisome baadaye, kufungwa Julai 2025, na usome hata bando likiisha. Kwanza angalia kama programu unayohamia inakuruhusu kutoa makala zako zote kwa faili. Omnivore, programu nyingine ya aina hiyo, nayo ilifungwa 2024, kwa hiyo usilipuuze hili hata kidogo.

Mimi natumia Wallabag, nayo ni ya kuhifadhi makala. Ukiiweka kwenye seva yako (kompyuta inayokaa mtandaoni muda wote) ni bure, wenye Wallabag wakikuwekea kwenye seva yao unalipia. Inatoa makala kwa EPUB, yaani faili la kitabu cha kielektroniki, nami nazisoma kwenye programu ya vitabu, herufi nimezikuza, macho hayachoki. Kama seva ni usumbufu, anza na Instapaper, programu ya aina hiyo isiyohitaji seva yako. Ukishahifadhi, zima data ufungue makala moja uhakikishe. Nazungumzia Android, kwenye iPhone sijajaribu.