Hesabu za moli: mwanzishie na jiwe la chokaa

Salaam dada, na wadau wote.

Umesema mwanao wa kidato cha tatu hapo Tanga amekariri fomula zote za moli, lakini swali likigeuzwa kidogo anakwama, na sasa anataka kuiacha kemia. Tafadhali asiiache. Nilifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha chokaa mkoani humu kabla sijaanza kufundisha twisheni, na hesabu hizi ndizo zilizonilisha, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Shida yake naamini haiko kwenye fomula. Wanafunzi wengi wanaokuja kwangu huzisoma namba za kwenye mlinganyo kana kwamba ni gramu. Wakiona mlinganyo wa jiwe la chokaa (CaCO₃) na asidi ya hidrokloriki (HCl):

CaCO₃ + 2HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂

wanadhani gramu moja ya jiwe inataka gramu mbili za asidi. Mlinganyo haujui gramu kabisa. Unahesabu vichwa: kwa kila kimoja cha CaCO₃, viwili vya HCl. Hilo likimkaa, nusu ya kazi imekwisha.

Sasa chembe hizo ni ndogo mno, huwezi kuzihesabu mojamoja, ndipo moli inapoingia. Mpeleke kwa muuza kanga. Korja ya kanga ni 20, na korja ya mablanketi ni 20 vilevile, lakini ajaribu kuzibeba. Idadi ni ileile, uzito mbalimbali. Moli nayo ni idadi tu, ila kubwa ajabu: 6.022 × 10²³. Moli moja ya kalsiamu ina gramu 40, ya kaboni 12, ya atomu za oksijeni 16. Jumlisha CaCO₃: 40 + 12 + (3 × 16) = 100. Kwa hiyo kila gramu 100 za jiwe safi la chokaa ni moli moja.

Ndiyo maana napenda sana jiwe hili kwa kuanzia. Hesabu yake ni nyepesi, na mtoto wa Tanga analijua: mapango ya Amboni yamechimbika ndani ya jiwe la chokaa. Matumbawe tunayoyaona pwani nayo kwa sehemu kubwa ni CaCO₃ hiyohiyo, na wazee wetu waliyachoma wakapata chokaa ya kujengea.

Ukilichoma jiwe kwenye tanuri, kwenye joto la nyuzi 900 hivi na kuendelea, linavunjika:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Gramu 100 zinatoa 56 za chokaa (CaO) na 44 za hewa ya ukaa (CO₂). Yaani ukipakia tani 100 za jiwe safi, utapakua tani 56 za chokaa. Zile 44 hazijapotea wala hazijaibwa, zimepanda angani kama hewa ya ukaa. Lavoisier, Mfaransa, aliliandika jambo hili mwaka 1789: kinachoingia na kinachotoka lazima vilingane uzito. Mwambie mwanao ajumlishe pande zote mbili kila anapomaliza swali. Zisipolingana, arudi nyuma.

Maabarani tuliitumia hesabu hii kinyumenyume, na hapa ndipo nilipoipenda. Jiwe la machimboni halina usafi kamili, lina udongo na mchanga ndani yake. Unalisaga, unalikausha, unapima gramu 1, unaichoma hadi uzito usishuke tena, kisha unapima upya. Jiwe safi lingepoteza gramu 0.44. Likipoteza 0.42, unagawa 0.42 kwa 0.44, unapata kama asilimia 95. Basi, umeshajua ubora wa jiwe kwa mizani na moto tu, mradi kilichotoka ni hewa ya ukaa peke yake.

Turudi kwenye asidi, kwa sababu mitihani inapenda swali hili: vitu viwili vimewekwa pamoja, kipi kitaisha kwanza? Chukua gramu 10 za jiwe safi na mililita 100 za asidi yenye moli 1 kwa lita. Jiwe ni moli 0.1. Asidi nayo ni moli 0.1. Wengi wakifika hapa wanasema vimelingana, vyote vitaisha. Angalia mlinganyo: kila moli ya jiwe inadai moli mbili za asidi. Asidi iliyopo inatosha moli 0.05 za jiwe tu, yaani gramu 5. Povu litakoma na gramu 5 za jiwe zitabaki chini ndani ya bika, ile gilasi ya maabara. Hewa ya ukaa itakayotoka ni moli 0.05 pia, gramu 2.2. Kila kitu kinafuata kile kilichoisha kwanza, kwa hiyo hesabu zote zianzie kwake.

Njia ni hiyohiyo kila mara: gramu ziwe moli, moli zivuke mlinganyo kwa uwiano wake, kisha zirudi gramu. Kusawazisha mlinganyo sitaki kukuchosha nako, ni mazoezi tu.

Kwa kumpima, mpe hili bila kikokotoo. Chokaa iliyotoka tanuri inamwagiwa maji: CaO + H₂O → Ca(OH)₂. Kilo 56 zinahitaji maji kilo ngapi, na zinatoa nini? Jibu ni kilo 18 za maji na kilo 74 za chokaa iliyozimwa. (Mafundi humwaga maji zaidi ya hapo, kwa sababu joto linalotoka ni kali na mengine yanageuka mvuke. Asijaribu nyumbani, chokaa hiyo inaunguza macho.) Akilipata, mbadilishie namba iwe kilo 140. Akikujibu kilo 45 za maji na kilo 185 za chokaa, tena akakueleza kwa mdomo wake amefikaje, mpe maswali ya titresheni, yaani ya kupima asidi na besi kwa kudondoshea moja ndani ya nyingine hadi zimalizane.