Leo Nani Steringi?

Uani kwetu tuko wapangaji watano, na king'amuzi kiko sebuleni kwangu, kwa hiyo jioni watoto wote wanajaa mkekani. Wengi wana miaka 3 hadi 5. Kwa muda mrefu sikujali wanaangalia nini, alimradi hakuna risasi wala ngumi. Kilichonifumbua macho ni mchezo wanaoucheza nje katuni ikiisha.

Wanagawana nafasi. "Mimi steringi!" "Mimi binti mfalme!" Siku moja naanua nguo, nikamsikia mtoto wa jirani akimwambia binti yangu, "Wewe mweusi sana, wewe uwe jitu." Mwanangu hakulia. Alienda nyuma ya pipa la maji akaanza kunguruma. Kumbe ameshazoea, na hilo ndilo lililoniuma. Yule mwenzake sikumgombeza. Sheria ile aliiokota kwenye televisheni yangu, ambako wiki nzima nilikuwa nimewawekea binti mfalme mwenye nywele za dhahabu na jitu lenye rangi ya lami.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, kabla ya kuchagua katuni, kaa karibu na mchezo. Sikiliza nani anapewa nafasi gani, na kama kila siku ni ileile.

Halafu usitosheke na kuona sura nyeusi. Mimi nilitosheka. Nikapata katuni yenye rafiki mweusi tangu mwanzo hadi mwisho: anacheka, anabeba mkoba, haamui lolote. Uani hakuna aliyegombania kuwa yeye. Siku hizi naangalia ni nani anayetaka kitu, na nani anafuata tu. Doc McStuffins, ambayo Disney walianza kuionyesha 2012, ina msichana mweusi mwenye kliniki ya midoli. Yeye ndiye anayepima na kuamua tiba. Mama yake ni daktari, na baba ndiye anayebaki kuhudumia nyumba. Baada ya siku mbili tatu, watoto wetu walikuwa wanapima midoli ya vitambaa kwa kamba za viatu walizovaa shingoni.

Lakini iliyomgusa zaidi binti yangu ni Akili and Me, ya shirika la Ubongo la hapahapa Dar es Salaam. Akili ana miaka 4 na kwao ni chini ya Mlima Kilimanjaro. Katuni za nje mwanangu alizitazama mdomo wazi, kimya. Akili alipouliza swali kwa Kiswahili, alimjibu kwa sauti mpaka nikatoka jikoni kuangalia kuna nani. Tunapozungumzia watoto kujiona kwenye katuni tunataja rangi na nywele, lugha tunaisahau, na mtoto wa miaka 4 anayeelewa kila neno anakaa tofauti kabisa mbele ya televisheni.

Wala si lazima awepo mtu. Tinga Tinga Tales, iliyochorwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa 2010, ni wanyama watupu, ila imechorwa kwa mtindo wa mchoraji wetu Edward Saidi Tingatinga. Watoto waliutambua mara moja, maana michoro ya namna hiyo wameiona inauzwa mjini.

Mdogo wangu ana mtoto mwenye usonji, na kwa ajili yake natamani katuni ya Pablo ya 2017 ingepatikana kwa Kiswahili. Pablo ana miaka 5, ana usonji, hadithi inamhusu yeye mwenyewe, na waigizaji wakuu wa sauti nao wana usonji.

Na bando likiisha? Naweka katuni ileile iliyopo, naondoa sauti, nasimulia mwenyewe. Binti mfalme nampa jina la mtaani kwetu. Jitu nalo nalipa mama anayelisubiri kwa chakula, na sababu ya kuwa na hasira. Inachosha, nakiri, hasa baada ya kutwa ya kazi. Dakika 10 zinatosha.

Wiki iliyopita walikuwa wanagawana nafasi kama kawaida, binti yangu akawahi kupiga kelele: "Mimi jitu!" Nikamuuliza mbona amechagua jitu. Akanitazama kama mtu mzima asiyeelewa jambo jepesi. "Mama, leo jitu ndiye steringi."