Ubuntu kuwa nzito ghafla

Mkuu, feni kuvuma na mashine kuganda ghafla si sababu ya kupiga (kusakinisha) Ubuntu, mfumo endeshi wa kompyuta yako, upya. Fungua terminal (dirisha la kuandikia amri), andika top, bonyeza P kubwa uone programu gani inakula CPU, yaani prosesa. Usishtuke ukiona 200%, hapo 100% ni kore moja tu ya prosesa. Kwenye mashine yangu hapa Ngarenaro, Arusha, mlafi alikuwa tracker-miner-fs-3, ile inayoorodhesha mafaili; nilikuwa nimetoka kumwaga picha za harusi kutoka kwenye flashi. Nikaiacha imalize, ikatulia.

Pale juu kwenye top angalia na "wa" (muda ambao prosesa inasubiri): ikiwa kubwa, kinachosubiriwa ni diski. Kama huoni mlafi yeyote, fungua kava. Feni ikizibwa na vumbi prosesa huchemka, na ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe. Mimi nilitoa blanketi zima humo.